Mpwa Wetu na Farasi wa Njoro: Amana Aliyoitunza, na Ile Tuliyoisahau

 

Ndugu zetu wasomaji, kina mama na mabinti, juma lililopita tulipokea simu kutoka Nakuru. Mke wa mpwa wetu amejifungua salama mtoto wa kike, na kwa kujifungua huko eda yake imekwisha. Kwani mjane mwenye mimba, kwa hukumu iliyomo katika Suratut Talaq, eda yake ni mpaka azae. Baba wa mtoto hakumwona. Alirejea kwa Mola wake akiwa na umri wa miaka 32, mimba ikiwa ya miezi mitatu tu.

Wakati ule hatukuandika neno juu yake. Wengi walituuliza kwa nini sisi, tunaowaandikia watu wengine maneno ya taazia, tumenyamaza juu ya damu yetu wenyewe. Tulinyamaza kwa kuwa kila tuliposhika kalamu tuliikuta aibu yetu imekaa mbele ya sifa zake. Sasa mtoto amezaliwa, na siku moja atauliza babaye alikuwa nani na alikufaje. Tumeona ni bora alikute jibu limeandikwa na mkono wetu.

Mtoto wa nyumba mbili

Dada yetu mdogo aliolewa Nakuru na mtu wa reli, akakaa mtaa wa Bondeni, na huko ndiko alikomzaa mwanawe wa kwanza. Basi kijana akakua akiwa wa nyumba mbili. Muhula wa shule alikuwa mtoto wa bara, wa vumbi jeupe litokalo ziwani, wa baridi ya asubuhi na wa mlima Menengai nyuma ya mji. Likizo ikifika alipakiwa basini, akaja kwetu Mombasa, na kutoka kwetu akapelekwa Lamu kwa bibi yake.

Lamu ndiko alikoanza mapenzi yake ya wanyama. Wanaoijua Lamu wanajua kwamba vichochoro vyake havipitishi gari, na mzigo wote, uwe mawe, mchanga au maji, hubebwa na punda. Watoto wenzake walikuwa wakiwapiga punda kwa fimbo ili waende mbio. Yeye alikuwa akiwakuna nyuma ya masikio. Mwaka mmoja, wakati wa sherehe za Maulidi, aliingia katika mashindano ya punda akiwa na miaka 12, akafika wa pili bila ya kuinua fimbo hata mara moja. Bibi yake alimuuliza siri yake. Akajibu, "Bibi, nimemwambia twende, naye akakubali."

Asubuhi alikuwa akisoma kwetu madrasani. Hakuwa mwanafunzi wa kwanza wala wa mwisho. Lakini tulipofika katika Suratul Aadiyat, pale Mwenyezi Mungu anapoapa kwa farasi waendao mbio huku wakihema, alituomba tuirudie tafsiri yake siku tatu mfululizo. Tulidhani ni utundu wa kukwepa somo lililofuata.

Nchi ya farasi

Msomaji wa pwani huenda akauliza: farasi na Mswahili wapi na wapi? Wazee wetu waliwajua farasi zamani. Seyyid Said bin Sultan wa Unguja alikuwa na farasi wa Kiarabu, na mwaka 1840 merikebu yake, Sultana, ilipofika New York ilikuwa imebeba zawadi kwa Rais wa Marekani, na miongoni mwa zawadi hizo walikuwamo farasi wawili. Lakini pwani yetu, kwa joto lake na maradhi yake, haikuwa makao mema ya mnyama huyu. Mahali penye ndorobo hupata malale ya wanyama, na mahali penye visubi huwinda ndani yake ule ugonjwa mkubwa wa farasi wa Afrika, unaoweza kumuua mnyama mwenye afya kwa siku chache.

Bonde la Ufa la kati ni nchi nyingine. Mji wa Nakuru uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Njoro iko juu yake, na Molo juu zaidi. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, walowezi wa Kiingereza walianza kuitamani nchi hiyo ya nyasi na baridi, na kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamasai wakaondolewa katika sehemu kubwa ya bonde. Walowezi wakaja na ngano, ng'ombe wa maziwa, na farasi wa mbio. Viwanja vya mashindano vikawekwa Nairobi, Nakuru, Eldoret na kwengineko. Leo mashindano yamebaki Nairobi, katika kiwanja cha Ngong kilichofunguliwa mwaka 1954, lakini mashamba ya kulelea farasi yangalipo huko juu.

Katika historia hiyo limo jina la mwanamke mmoja ambalo mpwa wetu alikuwa akilitaja mara nyingi. Ni Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Njoro angali mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mfunza farasi. Baba alipofilisika na kuhama nchi, binti alibaki, akapata leseni ya kufunza farasi wa mbio kabla ya kutimiza miaka 20, katika zama ambazo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume peke yao. Baadaye akawa rubani, na mwaka 1936 akaivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Canada. Kisha akarudi Kenya na kuwarudia farasi wake, hata alipofariki Nairobi mwaka 1986.

Lakini mpwa wetu hakulitaja jina hilo kwa ajili ya kusifu tu. Alikuwa akituuliza, "Mjomba, bibi huyu alikuwa na rafiki yake wa tangu utotoni, arap Ruta, aliyewahudumia farasi pamoja naye. Huyo amebahatika, kwani bibi alimwandika katika kitabu chake. Masaisi wengine wote, walioamka alfajiri miaka mia na kidogo iliyopita hadi leo, nani amewaandika?" Hatukuwa na jibu. Leo tunamwandika yeye, ijapokuwa kwa heshima ya mjane wake na kwa ombi la dada yetu hatulitaji jina lake.

Kazi aliyoifanya

Alianza kwa kufagia. Akiwa na miaka 19 aliajiriwa katika shamba moja upande wa Njoro, kazi yake kuondoa samadi na kubadilisha majani ya malalo. Baada ya mwaka akapewa kushika kamba, baada ya miaka mitatu akawa saisi kamili, na miaka sita ya mwisho wa uhai wake alikuwa ndiye mfunza wa farasi wachanga wa shamba lile. Wengine walikwenda kwenye mbio Nairobi, wengine wakauzwa kwa wanaojifunza kupanda.

Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake tulipita Nakuru kwa shughuli ya ndoa, akatushika mkono akatupeleka shambani kwa nguvu. Tulikaa saa moja tu, na mara mbili tulitazama saa yetu. Leo tungetoa mengi kuirudisha saa ile. Lakini aliyotuonyesha tunayakumbuka.

Alituambia kwamba macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, ila haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake wala kilicho nyuma ya mkia wake. Ndiyo maana anayemwendea kwa nyuma hupigwa teke. Si uovu wa mnyama, ni khofu yake. Basi mwendee kwa upande wa bega, huku ukisema naye ili ajue uko wapi. Alituambia kwamba farasi hawezi kutapika, na kwa hiyo chakula kibaya kikishaingia tumboni huwa ni hatari ya roho, na saisi mwema huinusa kila nyasi kabla ya kuitia horini. Alituambia kwamba jike hubeba mimba miezi kumi na moja, na kwamba mtoto anapozaliwa yeye huanza kumgusa tangu siku za mwanzo: shingo, masikio, miguu, ili mkono wa binadamu usije ukawa jambo geni kwake.

Kisha akatuonyesha farasi jike mchanga, mwekundu, aliyekuwa katika mafunzo. Alimfunga kamba ndefu, akasimama katikati, naye akawa anamzunguka duarani, kwanza kwa hatua, kisha kwa matiti. Hakumpigia kelele. Alikuwa akimghania kwa sauti ya chini kisomo cha Maulidi alichokizoea Lamu. Wafanyakazi wenzake walidhani ni dawa ya watu wa pwani! Alisema tandiko humwekea mgongoni siku nyingi kabla ya kulikaza mkanda, na mkanda huukaza siku nyingi kabla ya mtu kupanda. "Ukimvunja moyo, mjomba, atakutii ukiwapo. Ukimpa moyo, atakutii hata usipokuwapo."

Sisi tunaofundisha watoto kwa miaka zaidi ya 30 tulilisikia neno hilo, tukalitia mfukoni, wala hatukumwambia kwamba tumelitia.

Ugomvi wetu naye

Na hapa inatubidi tukiri la kwanza. Kwa miaka mingi tulikuwa baridi naye. Tulisikia ya kwamba farasi wanaofunzwa shambani pale huenda kwenye mashindano, na palipo na mashindano ya farasi pana kamari, na kamari ni haramu kwa nassi ya Qur'ani isiyo na shaka. Basi tukamhukumu kwa jina la mahali, bila ya kumuuliza anafanya nini mahali hapo. Alipotuletea zawadi ya Idi tuliipokea kwa ncha za vidole.

Siku moja alitupigia simu. Baada ya salamu akasema, "Mjomba, wewe ndiye uliyetusomesha kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwashindanisha farasi. Waliofunzwa kutoka Hafya hadi Thaniyatul Wadaa, na wasiofunzwa kutoka Thaniya hadi msikiti wa Bani Zurayq, na Abdullahi bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Mimi nafunza farasi. Sijapata kuweka hata shilingi moja juu ya mnyama. Kosa langu nini?"

Hadithi hiyo imo katika Bukhari, na hatukuweza kuikana. Wanavyuoni wetu wametenganisha mambo haya tangu zamani: kufunza farasi na kuwashindanisha ni halali, tena kumesifiwa, kinachoharamishwa ni watu kuwekeana fedha, huyu apate kwa kupoteza yule. Afanyaye kazi karibu na moto ajilinde na cheche, lakini asiitwe mwenye kuungua angali mzima. Tulimjibu kwa maneno ya kifikihi, marefu, yenye haki yote ndani yake. Hatukumwambia, "Utusamehe."

Msumari

La pili ni zito zaidi.

Ilikuwa siku ya Jumanne. Fundi wa viatu vya farasi alikuwa amemaliza kazi yake, na mpwa wetu akafagia baada yake kama ilivyokuwa desturi yake, kwa khofu kwamba msumari ulioanguka usije ukamchoma mnyama kwatoni. Alifagia misumari yote isipokuwa mmoja, na huo ukapenya kandambili yake ukaingia katika unyayo. Akauchomoa, akaosha kidonda kwa maji, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Jioni alimchekea mkewe, akasema afadhali umempata yeye kuliko farasi.

Kidonda kilifunga. Siku ya kumi, usiku wa kuamkia Ijumaa, taya zake zilianza kukaza. Alidhani ni jino. Dada yetu akatupigia simu baada ya Isha, akasema, "Kaka, mwanao mdomo haufunguki, na shingo inamvuta. Watu hapa wanasema ni upepo. Tufanyeje?"

Tukamjibu asomewe, na aandikiwe kombe kwa zafarani anywe, na asubuhi In Shaa Allah watazame. Tulimsomea na sisi kwa simu. Kisha tukalala.

Kombe liliandikwa, likaoshwa, likaletwa kwa kijiko. Kijiko hakikupita baina ya meno yake. Ndipo mkewe, binti wa miaka 24, alipoinuka akasema hili si jambo la kungoja asubuhi, akatoka nje usiku ule kutafuta gari. Hospitalini daktari alimtazama kwa muda mfupi tu, akauliza kama ana kidonda. Akakiona cha unyayoni, akasema: pepopunda.

Waliohudumu walimhudumia kwa juhudi zao zote, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Alikaa siku sita katika chumba chenye giza, kwani mwanga na kelele humtia mgonjwa wa maradhi haya katika mikakamao. Siku ya sita, baada ya Alasiri, alifariki. Dada yetu alimuuliza daktari kama zile saa chache za kombe ndizo zilizomuua mwanawe. Alimjibu kwa upole kwamba maradhi yalikuwa makali, na kwamba siku ya kumwokoa kwa wepesi ilikuwa ile ya msumari: kidonda kusafishwa vizuri na kuchomwa sindano. Jibu hilo lilimtuliza mama. Sisi halijatutuliza, kwani tulipopigiwa simu hatukuuliza hata swali moja. Hatukuuliza kama ana kidonda.

Daftari la Njoro

Tulisafiri usiku kucha, Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Naivasha, mlima Longonot ukiwa upande wetu alfajiri ilipopambazuka. Tulifika Nakuru tukakuta amekwisha kuzikwa tangu jana yake kabla ya Magharibi, na ndiyo sunna, maiti haingojewi mjomba. Tukasali juu ya kaburi.

Siku ya tatu tulikwenda shambani kuchukua vitu vyake. Alitupokea saisi mkongwe, Mkalenjin, aliyemfundisha kazi tangu siku za ufagio. Alituongoza ndani ya banda. Kulikuwa kimya. Tukauliza mbona wafanyakazi wanasemezana kwa minong'ono. Akasema, "Ndiyo amri yake, Sheikh. Hapa hakuna kupiga kelele. Hajaja mwingine wa kuibadilisha."

Kisha akatuletea daftari. Kila farasi alikuwa na ukurasa wake, kwa mwandiko wa mpwa wetu tulioufundisha sisi wenyewe: tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na la baba, tarehe ya dawa ya minyoo, tarehe ya chanjo ya ugonjwa wa farasi. Na katika kila ukurasa, kila mwaka, bila ya kukosa mwaka hata mmoja, palikuwa na neno pepopunda na alama ya vyema pembeni yake.

Hatukuelewa. Mzee akatueleza kwamba farasi ni katika wanyama wanaodhurika upesi mno na maradhi hayo, na kwa hiyo huchanjwa kila mwaka, na marehemu hakupata kusahau. Tukamuuliza, "Na nyinyi je, mnaokaa nao?" Mzee akatazama chini. Akasema wao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Wasomaji wetu, tulikaa juu ya gunia la nyasi, tukalia kama hatukulia kaburini. Kijana huyu aliitunza amana ya wanyama wasio na ulimi hata hakikupungua kitu. Amana ya mwili wake yeye ilikuwa shingoni kwake, na shingoni kwetu sisi jamaa zake pia, sisi tuliojua kumuuliza habari za kamari na hatukujua kumuuliza habari za afya yake.

Pepopunda si pepo

Tumejifunza habari za maradhi haya kwa bei ghali, basi zipokeeni nyinyi bila ya bei.

Pepopunda huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachokaa katika udongo na katika samadi ya wanyama, wakiwemo farasi, ng'ombe na punda. Hakiambukizwi na mgonjwa kwa mtu mwingine. Huingia kwa kidonda: msumari, mwiba, kuungua, hata mkwaruzo mdogo uliokwisha kufunga. Dalili huonekana mara nyingi baina ya siku 3 na 21. Kwanza taya hukaza, kisha shingo, kisha mwili mzima. Jina lake la Kiswahili limebeba pepo ndani yake, na huenda jina hilo limetupumbaza wengi, tukamtafuta mganga wa pepo ilhali mgonjwa anahitaji daktari.

Mtoto mchanga naye huipata kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe usio safi au kilichopakwa kitu kichafu. Watoto wangapi wa bibi zetu walikufa siku ya saba au ya nane, tukaambiwa wamepatwa na shetani?

Kinga yake ni chanjo. Hapa Kenya mtoto hupewa pamoja na chanjo nyingine akiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini hizo hazitoshi umri mzima. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi tatu zaidi za kutia nguvu: moja katika mwaka wa pili, moja baina ya miaka 4 na 7, na moja baina ya miaka 9 na 15. Mama mjamzito huchanjwa ili amkinge mwanawe kabla ya kuzaliwa. Na mtu mzima aliyechomwa na msumari, hata kama kidonda ni kidogo, na akioshe kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo aeleze alipochanjwa mwisho. Kama hakumbuki, aseme hakumbuki.

Wala asidhani mtu kwamba tunapinga kisomo. Kisomo ni ibada na ni shifaa, nasi tutaendelea kuwasomea wagonjwa wetu. Lakini Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alipoulizwa na mabedui kama watafute dawa, aliwaamrisha watafute, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Na aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kutawakali aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Sisi usiku ule tulitawakali tukamwacha ngamia wetu hajafungwa. Yule binti wa miaka 24 ndiye aliyeifahamu Hadithi, ijapokuwa sisi ndio tunaoisomesha.

Na hili tunalisema kwa kina mama hasa. Mara nyingi nyinyi ndio mnaokuwa kando ya kitanda, na moyo wenu hukuambieni jambo kabla ya sheikh wala mzee kuambiwa. Mkiliona, inukeni. Msingoje ruhusa yetu.

Tulichokifanya

Deni tulilolikuta la marehemu lilikuwa dogo, kwa mwenye duka wa Bondeni, tukalilipa kabla ya kugawa kitu. Mjane amebaki katika nyumba ya mumewe kama sharia inavyompa, na waliotaka arudishwe kwao kabla ya eda kwisha tuliwakataza. Alipohudhuria kliniki ya mimba alichanjwa, na mtoto amezaliwa na kinga hiyo mwilini mwake. Dada yetu ameomba lijengwe hori la maji la punda kule Lamu, kwa nia ya sadaka inayoendelea kwa mwanawe, na fundi ameshaanza.

Madrasani kwetu, tangu mwezi uliopita, mzazi anapomleta mtoto kuandikishwa tunaomba kuiona kadi yake ya kliniki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Wapo walionuna, wakasema madrasa si hospitali. Tunawajibu kwamba mwanafunzi ni amana, na tumekwisha kupoteza mmoja.

Na sisi wenyewe tulikwenda zahanati. Muuguzi, binti tuliyemsomesha Juzuu Amma, alituuliza, "Sheikh, mara ya mwisho kuchanjwa pepopunda ilikuwa lini?" Tukamwambia hatukumbuki. Akatuandikia kadi mpya, akatuchoma sindano ya kwanza, akatupa tarehe ya ya pili. Kadi hiyo tumeiweka ndani ya daftari la Njoro, ambalo wenye shamba walitupa nakala yake, katika ukurasa wa yule farasi jike mwekundu.

Ewe Mola wetu, msamehe mja wako huyu, umpanulie kaburi lake, na umlipe kwa kila mnyama aliyemlisha na kumstarehesha. Mpe mama yake subira njema, na mkewe mlango wa kheri. Mkuze binti yake katika afya na twaa yako. Na utusamehe sisi tuliochelewa. Amin.